Joto Lililotolewa na Joto Lililorudishwa: Historia ya Kanuni ya Hess na Lugha ya Kuielezea

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa kemia hukutana nazo anapokokotoa badiliko la enthalpi. Ya kwanza ni kwamba mmenyuko ukigeuzwa, alama ya badiliko hilo nayo hugeuka. Ya pili ni kwamba mmenyuko ukizidishwa au kugawanywa, badiliko hilo huzidishwa au hugawanywa kwa kiasi hicho hicho. Historia hiyo inaanzia Paris mwaka 1783, inapitia St Petersburg mwaka 1840, na hatimaye inafikishwa kwenye chokaa ya pwani ya Afrika Mashariki na vitenzi vya Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba kanuni hizo zilitangulia nadharia iliyokuja kuzithibitisha, na kwamba uamuzi wa kuandika alama ya kujumlisha au ya kutoa umekuwa wakati wote ni uamuzi wa lugha.

Utangulizi

Gramu 12 za kaboni, yaani moli moja, zikiungua kabisa katika oksijeni na kuwa kaboni dioksidi, hutoa kilojuli 393.5 za joto. Kipimo hiki hupatikana maabara bila shida kubwa. Moli moja ya kaboni monoksidi ikiungua na kuwa kaboni dioksidi hutoa kilojuli 283.0, nacho kipimo hiki hupatikana. Kisichopatikana kwa kupima moja kwa moja ni joto la kaboni inapoungua nusu tu na kuishia kwenye kaboni monoksidi, kwa sababu sehemu ya gesi hiyo huendelea kuungua papo hapo. Ndivyo ilivyo hata katika jiko la mkaa: gesi zote mbili hutoka pamoja, na aliyefunga madirisha huuawa na ile isiyo na harufu.

Njia ya kulipata joto hilo ni ya kalamu na karatasi. Mlinganyo wa kwanza huachwa ulivyo, ukiwa na −393.5. Mlinganyo wa pili hugeuzwa, kaboni dioksidi ikawa mwanzo na kaboni monoksidi ikawa mwisho, na −283.0 ikawa +283.0. Milinganyo hiyo ikijumlishwa, vinavyofanana pande zote mbili hufutana, na kinachobaki ni kaboni, nusu moli ya oksijeni, na moli moja ya kaboni monoksidi, pamoja na kilojuli −110.5. Anayependa kuepuka nusu huandika moli mbili za kaboni na moja ya oksijeni, na jibu lake huwa −221.0.

Kiasi kinachohesabiwa hapa, enthalpi, ni jumla ya nishati ya ndani ya mfumo na zao la kanieneo na ujazo wake. Mmenyuko ukifanyika chini ya kanieneo lisilobadilika, bila kazi nyingine isipokuwa ya kutanuka au kusinyaa kwa mfumo, badiliko la enthalpi huwa sawa na joto lililoingia au kutoka. Kwa kuwa kiasi hicho hutegemea hali ya mwanzo na hali ya mwisho pekee, njia iliyopitwa kati yake haina neno. Hivi ndivyo vitabu vya kiada hueleza, na maelezo hayo ni sahihi. Kihistoria, hata hivyo, yamepangwa kinyume: watu walijua kugeuza na kujumlisha joto miongo mingi kabla ya neno enthalpi kuwapo, na hata kabla ya kukubaliana joto ni kitu gani.

Barafu ya Paris

Mwezi Juni mwaka 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace waliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa andiko lao kuhusu joto. Chombo walichokitumia kilikuwa na vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Chumba cha katikati kiliwekwa kitu kinachotoa joto. Kilichokizunguka kilijazwa barafu ya kuyeyushwa na joto hilo. Na cha nje kabisa kilijazwa barafu nyingine ya kuzuia joto la chumbani lisiingilie hesabu. Maji yaliyochuruzika kutoka chumba cha kati yalipimwa uzito, na uzito huo ndio uliokuwa kipimo cha joto. Kazi hiyo ilifanyika majira ya baridi.

Ndani ya chombo hicho walichoma mkaa, na ndani ya chombo hicho hicho walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya asiye na mkia, wakalinganisha barafu iliyoyeyushwa na hewa chafu iliyotolewa katika kila hali. Walihitimisha kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Jaribio la simbilisi ndilo linalosimuliwa sana. Lakini kwa makala hii, lenye uzito zaidi ni jambo walilolisema karibu na mwanzo wa andiko lao: kwamba mabadiliko yoyote ya joto yanayoupata mfumo wa vitu unapohama kutoka hali moja hadi nyingine hujirudia kwa mpangilio wa kinyume mfumo huo unaporejea katika hali yake ya kwanza.

Hiyo ndiyo kanuni ya kugeuza. Jambo la kustaajabisha ni kwamba waandishi hao wawili waliitamka bila kukubaliana kuhusu kiini cha joto. Andiko lenyewe linataja maoni mawili, la kwamba joto ni kimiminika chepesi kinachopenya vitu na la kwamba joto ni mwendo wa chembe zisizoonekana, kisha linakataa kuamua kati yake. Miaka sita baadaye, katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789, Lavoisier aliliorodhesha joto miongoni mwa elementi sahili, sambamba na oksijeni na haidrojeni. Elementi hiyo ilikuja kufutwa. Kanuni ya kugeuza haikuhitaji kufutwa, kwa sababu haikuwa imeegemezwa juu yake.

Daktari aliyeandika kemia kwa Kirusi

Germain Henri Hess alizaliwa Geneva mwaka 1802 na kupelekwa Urusi akiwa mtoto mdogo, baba yake, aliyekuwa msanii, alipopata kazi ya kufundisha watoto wa familia tajiri. Alisomea udaktari Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, akahitimu mwaka 1825. Alikaa kwa muda mfupi Stockholm kwa Jöns Jacob Berzelius, mwanakemia aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya wakati huo, kisha akaenda Irkutsk, Siberia, kutibu wagonjwa na kuchunguza madini na maji ya chemchemi. Mwaka 1830 alihamia St Petersburg kufanya kazi ya Chuo cha Sayansi.

Mwaka uliofuata alianza kutoa kitabu cha misingi ya kemia kwa lugha ya Kirusi. Kilichapishwa mara saba, na kwa miaka mingi wanafunzi wa Urusi hawakuwa na kingine cha kukipita. Ikumbukwe kwamba wakati huo kemia ilisomwa zaidi kwa Kijerumani na Kifaransa, na ripoti za Hess mwenyewe zilisomwa Ulaya kwa lugha hizo. Kitabu chake kilisaidia kuimarisha majina ya Kirusi ya vitu vya kemia. Katika majina hayo, oksijeni ni neno lenye maana ya mzaa asidi, haidrojeni ni mzaa maji, na kaboni ni mzaa makaa. Ni tafsiri za sehemu kwa sehemu, tofauti na njia ya utohozi iliyofuatwa na Kiswahili katika oksijeni, haidrojeni na kaboni. Ubora wa njia moja juu ya nyingine unaweza kujadiliwa, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba jina la mzaa asidi limehifadhi kosa: Lavoisier alidhani kila asidi ina oksijeni, na haikuwa hivyo. Neno lililotoholewa huficha kosa hilo kwa kutosema chochote.

Katika utafiti wake wa joto, Hess alitafuta namna ya kupima nguvu inayovuta kitu kimoja kuungana na kingine. Alichukua asidi ya salfuriki ya viwango tofauti vya maji, akaichanganya na amonia, na kupima joto. Pia alipima joto ambalo asidi hiyo ilikuwa imekwisha kulitoa ilipochanganywa na maji hapo awali. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1840 yanaweza kusomwa kwa macho tu. Asidi isiyoongezwa maji ilitoa, kwa vizio alivyovitumia, 595.8. Iliyoongezwa kiasi kimoja cha maji ilitoa 518.9 kwa amonia, na ilikuwa imetoa 77.8 kwa maji: jumla 596.7. Iliyofuata ilitoa 480.5 na 116.7, jumla 597.2. Ya mwisho, yenye maji mengi zaidi, ilitoa 446.2 na 155.6, jumla 601.8. Kati ya jumla ndogo na kubwa kuna tofauti ya asilimia moja hivi. Hess alisema kwamba jumla ya joto ni ile ile, iwe muungano umefanyika kwa hatua moja au kwa hatua nyingi.

Katika safu ya maji, namba 77.8, 116.7 na 155.6 ni mara mbili, mara tatu na mara nne ya 38.9. Hess aliliona hilo na likampendeza mno. Aliamini kwamba joto, kama vitu vyenye uzito, hujiunga kwa viwango vya namba kamili, na kwamba hapo ndipo palipokuwa na ugunduzi mkubwa. Matumaini hayo hayakudumu, kwa sababu vipimo vya baadaye havikuyaunga mkono. Kilichodumu ni safu ya jumla. Ukweli wa kuzidisha, kwamba kiasi maradufu cha vitu hutoa joto maradufu, ni jambo jingine kabisa na halina fumbo: joto hulingana na kiasi cha kitu kinachomenyuka. Msomaji wa leo anapaswa kuyatenganisha mambo hayo mawili, kwani Hess alikuwa nayo yote kwenye ukurasa mmoja.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba katika jedwali hilo hakuna mlinganyo uliogeuzwa. Hess alitoa namba kutoka katika namba: akijua jumla na sehemu moja, alipata sehemu iliyobaki. Zoezi la darasani la kuandika mlinganyo kinyumenyume na kubadilisha alama ni namna nyingine ya kufanya utoaji huo huo, nayo ilihitaji kwanza mwandiko unaoliweka joto ndani ya sentensi moja na vitu vinavyomenyuka.

Robert Mayer aliandika kuhusu uhifadhi wa nishati mwaka 1842, na James Joule akatangaza vipimo vyake vya kwanza vya joto na kazi mwaka 1843. Hess aliwatangulia wote wawili. Alifariki mwaka 1850 akiwa hajapata sifa aliyostahili kwa jambo hilo, na ni Wilhelm Ostwald, aliyechapisha upya maandiko yake mwaka 1890 katika mfululizo wake wa maandiko mashuhuri ya sayansi, aliyefanya zaidi ya mwingine yeyote kulirejesha jina lake.

Alama inahama upande

Julius Thomsen wa Copenhagen na Marcellin Berthelot wa Paris ndio waliotawala kemia ya joto katika nusu ya pili ya karne ya 19, na hawakupatana. Thomsen aliandika alama za vitu vinavyoungana ndani ya mabano na kuweka mbele yake namba ya joto: kwa maji, karibu kalori 68,400. Namba hiyo ni sawa na kilojuli 286, na kipimo cha leo ni 285.8. Berthelot ndiye aliyeleta istilahi mbili zilizoenea dunia nzima za kutenganisha mimenyuko inayotoa joto na ile inayolifyonza.

Wote wawili waliandika joto linalotolewa kuwa chanya. Hapakuwa na sababu ya kufanya vinginevyo. Mtu aliyesimama kando ya chombo na kuona maji yake yakipata joto amepata kitu, na aliyepata huandika kujumlisha. Mwandiko wa sasa, ambamo maji yanayoundwa huandikiwa −285.8, ulitokana na somo jingine. Josiah Willard Gibbs, katika miaka ya 1870, alikuwa ameonyesha umuhimu wa kiasi alichokihusisha na joto chini ya kanieneo lisilobadilika. Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden alikipa kiasi hicho jina la Kigiriki, enthalpi, lililoingia katika maandishi mwaka 1909. Na mwaka 1922 Alfred Porter wa Uingereza akapendekeza kiandikwe kwa herufi H. Kwa kuwa kiasi hicho ni mali ya mfumo, badiliko lake ni lazima liandikwe kwa upande wa mfumo. Mfumo unaotoa joto umepungukiwa.

Kwa hiyo, namba ile ile ilibadili alama bila jaribio lolote jipya kufanywa. Muuza duka huandika katika daftari lake kwamba gunia la mchele limetoka, na mnunuzi huandika katika lake kwamba gunia limeingia. Gunia ni lile lile. Wanakemia walifunga daftari la mnunuzi na kufungua la duka. Anayesoma vitabu vya kabla na vya baada ya mabadiliko hayo bila kulijua hili hukuta kila namba imekanushwa, na anaweza kudhani kwamba mmojawapo wa waandishi amekosea.

Chokaa ya pwani

Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu kuliko asidi ya Hess ni chokaa. Majumba ya mawe ya pwani, kuanzia Husuni Kubwa ya Kilwa ya karne ya 14 hadi nyumba za Lamu, yalijengwa kwa matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yenyewe. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Kilichotoka kilimwagiwa maji au kuachwa kilowe kwa mvua, kisha kikachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, ambako kilikauka na kugeuka jiwe tena.

Hatua hizo tatu zina hesabu. Kuchoma moli moja ya kalsiamu kaboneti, gramu 100, ili ibaki kalsiamu oksidi na kaboni dioksidi iondoke, hufyonza kilojuli 178.3. Kuimwagia maji oksidi hiyo hutoa kilojuli 65.2, na ndiyo sababu chokaa mpya hufoka na kutoa mvuke ikilowa. Ukutani, chokaa iliyolowa hunywa kaboni dioksidi ya hewani, huyaachilia maji yake, na kutoa kilojuli 113.1. Hatua mbili za mwisho zikijumlishwa, maji hufutika, na kinachobaki ni mlinganyo wa kwanza ukiwa umegeuzwa: oksidi na kaboni dioksidi vikiwa kaboneti, kwa kilojuli −178.3. Joto ambalo magogo yaliliingiza katika jiwe kwa siku chache hutoka lote, sehemu kwa kishindo ndani ya shimo la maji na sehemu kimyakimya ukutani kwa miezi na miaka. Mwashi hawezi kuihisi sehemu hii ya pili kwa kiganja.

Kanuni ya kuzidisha nayo ina kazi hapa. Tani moja ya kaboneti ni moli 10,000, na mahitaji yake ni kilojuli 1,783,000. Kuni kavu hutoa takriban kilojuli 15,000 kwa kila kilo. Kwa hiyo kilo 120 hivi zingetosha kama joto lote lingeingia katika jiwe. Katika tanuri la wazi, lenye upepo na moshi, sehemu kubwa ya joto hupotea, na magogo yanayohitajika ni mengi mno kuliko hayo. Hesabu ya Hess huonyesha kiwango ambacho hakuna mchoma chokaa, hata awe hodari vipi, anayeweza kwenda chini yake.

Mzigo wa vitenzi

Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, ilhali sekondari, ambako hesabu za joto la mimenyuko huanza, hufundishwa kwa Kiingereza. Kazi ya istilahi haikungoja sera ibadilike: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mjadala wa istilahi za sayansi, hata hivyo, umeelekea zaidi kwenye nomino. Huulizwa kama kitu kiitwe kwa utohozi au kwa uundaji, na neno likishapatikana kazi huhesabiwa imekwisha. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba nomino enthalpi ndiyo iliyokuja mwisho, na kwamba uzito wote wa dhana ulikuwa umekwisha kubebwa na vitendo: kutoa, kufyonza, kugeuza, kujumlisha.

Katika vitendo hivyo Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa vya kutosha. Tofauti ya joto na halijoto imekwisha kuzoeleka, nayo huondoa mkanganyiko mkubwa wa wanaoanza, ambao hudhani kwamba kiasi maradufu cha mchanganyiko uleule lazima kipande halijoto maradufu. Mnyambuliko wa kutendua nao unastahili kuangaliwa. Fungua si ukanushi wa funga, na kunjua si ukanushi wa kunja. Asiyekunja mkeka na anayeukunjua wamefanya mambo mawili tofauti. Alama inayobadilika mlinganyo unapogeuzwa ni ya aina hii ya pili. Haisemi kwamba joto halikutolewa. Inasema kwamba lililotolewa limerudishwa, kipimo kwa kipimo. Mwalimu anayeieleza kwa kiambishi cha ukanushi amechagua sehemu isiyofaa ya sarufi. Bahati mbaya, jozi ambayo ingekuwa bora kuliko zote haipatikani, kwani anayetafuta mtenduo wa unga hukutana na ungua, ambalo kwa wasemaji wa leo ni kushika moto, na kuungua, kwa macho ya mwanakemia, ni kuungana na oksijeni.

Kitenzi toa kinahitaji uangalifu wa pekee. Katika hesabu ni kupunguza. Katika kemia ni kuachilia nje. Mmenyuko unaotoa joto huandikwa kwa alama ya kutoa, na maneno hayo mawili ni neno moja. Mwandiko wa sasa, uliowagharimu wanakemia wa Ulaya kubadili daftari, kwa msemaji wa Kiswahili umekwisha kukaa ndani ya kitenzi, kwa sababu toa humtazama mtoaji, ambaye hapa ni mfumo. Mwandiko wa Thomsen na Berthelot ungemlazimu kusema kwamba mfumo umetoa, kisha aandike kujumlisha.

Urahisi huo una mtego wake. Kwa kuwa kitenzi kimekwisha kubeba mwelekeo, namba inayoandamana nacho haipaswi kuubeba tena. Sentensi isemayo kwamba chokaa ilipolowa kilojuli 65.2 zilitolewa ni sahihi, na isemayo kwamba badiliko la enthalpi lilikuwa kilojuli −65.2 ni sahihi. Isemayo kwamba kilojuli −65.2 zilitolewa imetoa mara mbili, na kwa hesabu iliyonyooka inamaanisha kwamba chokaa ilipomwagiwa maji ilipoa.